Mzee Milimita na Pengo Lake

Meno mawili ya mbele ya Mzee Milimita yaling'oka akiwa amepiga magoti chini ya meza yake ya kazi, akitafuta jino la bandia.

Lilikuwa jino la kauri, dogo kama punje ya mahindi, mali ya mteja nambari elfu nane mia moja na tatu. Lilimponyoka kwenye kibano, likadunda sakafuni, likatokomea. Mzee alifungua droo ya chini kuangalia kama limedondokea humo, hakuliona, akatambaa na kupapasa, na baada ya robo saa akalikuta limejibanza nyuma ya mguu wa kiti. "Nimelipata!" akapaza sauti, akainua kichwa kwa furaha, kinywa wazi, moja kwa moja kwenye pembe ya chuma ya ile droo ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameiacha wazi. Jino la bandia halikupata hata mchubuko. Wiki hiyohiyo nambari elfu nane mia moja na tatu alikwenda nalo nyumbani, akicheka.

Mzee Milimita alikuwa fundi wa meno. Hakuwa daktari, hilo alipenda lieleweke mapema. Daktari hukaa chumba cha mbele, penye dirisha, kiti cha kuinuka na kushuka, na watu wenye hofu. Fundi hukaa chumba cha nyuma, penye tanuri dogo, mashine ya kusagia, mifuko ya plasta na vumbi jeupe linalotua hadi kwenye nyusi. Daktari huchukua kipimo cha meno ya mgonjwa kwa uji mzito unaoganda. Fundi humimina plasta ndani ya kipimo hicho, na plasta ikikauka hupata nakala ya kinywa kizima, imara kama jiwe, isiyotema mate wala kulalamika. Juu ya nakala hiyo ndipo hujenga daraja: meno ya bandia yaliyoungana, yanayoziba pengo kwa kushikwa na meno mazima ya kulia na kushoto, ambayo daktari huyachonga yawe membamba ili yawe nguzo.

Kazi hiyo aliifanya kwa miaka thelathini na minne, na kwa muda wote huo hakuonana na wagonjwa. Aliwajua kwa nambari na kwa magego. Akiwa barabarani alikuwa na tabia ya kumkodolea mtu macho ya kinywani, hata wengine wakadhani ni kiziwi anayesoma midomo, wakawa wanamsalimu kwa kupiga kelele. Mara moja, kwenye foleni ya kununua nyama, alimsogelea mama mmoja asiyemfahamu na kumwambia kwa upole, "Nambari elfu sita na kumi na tisa, mswaki wako haufiki nyuma." Mama yule alihama foleni.

Wito wa kazi ulimjia mapema. Akiwa darasa la sita alichapwa viboko vinne kwa kosa la kuchonga chaki ya shule ikawa gego. Mwalimu aliyemchapa aliliweka gego hilo juu ya meza yake, likakaa hapo mpaka mwalimu alipostaafu, naye hakuliandikia hata herufi moja.

Jina la Milimita alipewa na madaktari, na si kwa mapenzi. Yeye hakukubali neno "karibu" wala neno "kidogo". Daktari akimwambia daraja liko juu kidogo, alimuuliza, "Kidogo ngapi?" Na daraja lake liliporudishwa kwa sababu halikai kinywani mwa mgonjwa, alilivika kwenye nakala ya plasta, akaligonga kwa ukucha, na kutamka hukumu ambayo kila daktari aliyepita katika jengo lile aliijua kwa moyo: "Kwenye plasta limekaa. Kama mdomoni halikai, kauulizeni mdomo."

Sasa mtu huyo alikuwa na pengo.

Daktari wa zamu ya sasa alikuwa mwanamke wa makamo, mcheshi, mwenye mkono mwepesi. Alimtibu, akamsubirisha apone, kisha akayachonga meno mawili ya nguzo: lile la mbele la upande wa kulia, na chonge ya upande wa kushoto. Alichukua kipimo, akambandikia daraja la muda la plastiki, na kumwambia, "Mzee wangu, hili ni la wiki mbili tu. Likivunjika, njoo siku hiyohiyo. Nguzo zikiachwa bila kitu, zinaanza kutembea."

"Mimi ndiye niliyekufundisha maneno hayo," alijibu Mzee.

"Ndiyo maana nakurudishia."

Mzee alimimina plasta yake mwenyewe, akaiandika nambari kama ya mteja mwingine yeyote, na kuipanga kwenye rafu mwisho wa foleni. Hakutaka kujipendelea. Bahati mbaya, upendeleo aliojinyima aliwagawia wengine wote. Akaja bibi harusi wa Jumamosi, akawekwa mbele. Akaja mtu wa kusafiri, akawekwa mbele. Akaja mwalimu aliyeogopa wanafunzi wake, naye kwa huruma akawekwa mbele. Nakala ya Mzee ilibaki palepale ikikusanya vumbi. Katika mwezi wa pili daraja la plastiki lilikatika akitafuna mkate mkavu. Akavitia vipande vyake viwili katika mfuko wa shati, akisema atakwenda kwa daktari kesho. Shati lilifuliwa mara nyingi tangu siku hiyo.

Pengo lina adabu zake. Mzee alijifunza kucheka kwa pua. Alijifunza kunywa maji ya uvuguvugu, kwa kuwa ya baridi yalimchoma mpaka kisogoni. Herufi ya s ilimtoka kama upepo wa tairi, kwa hiyo saa sita akaiita adhuhuri, na jirani aliyeitwa kwa cheo cha sajini akawa "yule bwana wa jeshi", mpaka alipogundua kwamba jeshi nalo lina s yake, akaacha kumtaja kabisa. Mwishowe akaanza kuvaa barakoa ya vumbi hata nje ya kazi. Watu wa mtaani walimsifu kwa kujali afya, na wawili wakaanza kumwiga.

Miezi tisa ikatimia tangu kipimo kichukuliwe. Ndipo barua ikaja.

Iliandikwa na mkuu wa chuo cha ufundi wa meno. Kwa kuwa Mzee alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, chuo kilimwomba afikirie kuwa mwalimu wake wa kudumu. Ila kwanza, kwa mujibu wa kanuni, atoe somo moja la majaribio, Alhamisi ya wiki mbili zijazo, mbele ya wanafunzi na mkuu mwenyewe. Mada ya somo: madaraja ya meno.

Mzee aliisoma barua mara tatu. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote, lakini kustaafu kulimtia hofu. Hakujua mikono yake itafanya nini asubuhi ya kwanza isiyokuwa na plasta. Mkewe alijua zaidi yake.

"Baba, hiyo kazi uipate," alisema mkewe, akiikunja barua kwa uangalifu kana kwamba ni hati ya nyumba. "Likizo iliyopita siku mbili tu ulizokaa hapa, ulipima miguu ya meza zote. Ukakata mmoja."

"Ulikuwa mrefu kwa milimita tatu."

"Na sasa ni mfupi kwa tano, nimeuwekea daftari. Ukistaafu moja kwa moja nitahama mimi. Uipate." Kisha akamtazama usoni, juu ya barakoa. "Lakini utafundisha meno na mdomo huo?"

Swali lilikuwa la haki. Asubuhi iliyofuata, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na minne, Mzee alivunja foleni kwa ajili yake mwenyewe.

Alifanya kazi siku kumi na moja. Alichonga umbo kwa nta, akalitupa, akachonga jingine. Alitengeneza fremu ya chuma nyembamba, akaipaka kauri tabaka kwa tabaka kwa burashi yenye ncha ya unywele, akaichoma tanurini, akaipunguza, akaichoma tena. Hakujitengenezea meno meupe ya kijana. Alitia umanjano wa umri wake karibu na ufizi, na katika jino moja akatia mstari mwembamba sana, kama ufa wa zamani, ili mtu asishuku. Siku ya kumi na moja alilivika kwenye plasta. Likaingia kwa mlio mdogo, mkavu, kama kifuniko cha saa nzuri. Aligeuza nakala juu chini; halikudondoka. Aliligonga kwa ukucha. Kisha akakaa na kulitazama muda mrefu, na kama kungekuwa na mtu chumbani angemwona akitabasamu, pengo na yote.

Jumanne alikwenda chumba cha mbele, akapanda kiti cha wagonjwa, na kumpa daktari daraja kwa mikono miwili.

"Mashaallah, Mzee wangu," daktari alisema. "Hili ni la makumbusho."

"Ni la kula. Libandike."

Daktari alilisukuma. Likaingia upande wa kulia, likagoma upande wa kushoto. Akalitoa, akalirudisha kwa pembe nyingine. Likaingia kushoto, likainuka kulia. Akabonyeza kidogo, Mzee akashika mikono ya kiti.

"Halikai," daktari alisema.

"Haiwezekani lisikae. Lijaribu tena."

Akajaribu tena. Halikukaa kwa ukaidi uleule.

"Kwenye plasta limekaa," alisema Mzee, na s ya plasta ikapuliza chumba kizima.

Daktari aliweka kioo chini, akakunja mikono. Alikuwa ameisubiri nafasi ya kuyajibu maneno hayo kwa miaka sita. "Sasa niuulize mdomo, Mzee wangu? Maana uko hapahapa, umefunguka."

Mzee akaufumba.

"Chonge yako imeinama kwa ndani. Zaidi ya milimita moja. Na meno ya chini yamepanda, yanatafuta wenzao. Zaidi ya miezi saba umeacha nguzo bila kitu. Meno hayakai kwenye rafu, Mzee."

"Basi punguza chonge."

"Nini?"

"Ipunguze upande wa ndani. Daraja liko sawa."

"Unataka nimchonge mtu ili afae kwenye daraja?"

"Si mtu. Ni jino moja."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema kwa upole kwamba hatalichonga tena jino ambalo tayari limechongwa. Atachukua kipimo kipya, na leo hii, kwa nusu saa tu, atamwekea daraja la muda la plastiki ili Alhamisi asimame mbele ya watu na kinywa kilichojaa.

Hapo ndipo Mzee Milimita alipofanya kosa ambalo mtu wa kazi nyingine asingeweza kulifanya. Seremala angekubali. Hakimu angekubali na kushukuru. Yeye aliteremka kitini, akajifuta kidevu, na kusema, "Nisimame mbele ya watu ninaowafundisha kauri, nimevaa plastiki?" Akachukua daraja lake la makumbusho, akalirudisha juu ya plasta, likalia ule mlio wake mzuri, akaondoka nalo.

Alhamisi aliingia darasani amevaa suti, tai, na barakoa.

Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja. Mkuu wa chuo, bwana mrefu mwenye kalamu mbili, alikaa nyuma kabisa na karatasi ya kutolea alama. Mzee alieleza nguzo, pengo na uzito wa kuuma. Alieleza vizuri, lakini kitambaa kilimeza nusu ya maneno, na nusu iliyobaki ilikuwa na upepo.

"Mwalimu, huku hatusikii," walisema wa nyuma.

Mzee akaongeza sauti, upepo nao ukaongezeka. Kuokoa jahazi, akaifunua nakala ya plasta iliyobeba daraja na kuipitisha mkono kwa mkono. Hata mkuu wa chuo aliinuka kuja kutazama.

Nakala ilipofika safu ya tatu, ilisimama. Hapo alikaa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mama wa watoto wawili, aliyekuwa fundi wa nguo kwa miaka kumi na minane kabla macho yake hayajachoshwa na sindano. Wenzake walimwita Mama Cherehani. Alilitoa daraja, akalirudisha, akatazama chini ya nakala palipoandikwa nambari bila tarehe.

"Mwalimu, shikamoo. Kazi hii nzuri. Mwenyewe kwa nini hajaja kuichukua?"

"Mwenyewe amechelewa," alisema Mzee.

"Kipimo mlichukua lini?"

Mzee alikuwa na mambo mengi ya kujibu, lakini katika maisha yake hakuwahi kutaja tarakimu ya uongo. "Miezi tisa iliyopita."

"Miezi tisa!" Mama Cherehani aliweka nakala mezani kama kitu cha moto. "Mwalimu, mimi kuna mteja nilimpima, akaja kuchukua gauni baada ya miezi tisa. Alikuja na mtoto mgongoni. Nimpe gauni lile avae nani, yeye au mtoto?"

Darasa likaangua kicheko. Mkuu wa chuo, akiwa bado amesimama, akasema, "Swali zuri. Fundi, mgonjwa huyo ni nani? Anaweza kuletwa tukamwona?"

Mzee alilitazama dirisha, akautazama mlango, akakitazama kiganja chake. Mbele yake palikuwa na kazi aliyoitaka kuliko alivyoitaka kazi yoyote tangu utoto, na nyuma yake palikuwa na miguu ya meza. Akaivua barakoa.

"Ni mimi," alisema.

Kisha Mzee, kwa kuwa alikuwa ameanza na hakuwa mtu wa kuacha kazi katikati, alilitoa daraja kwenye plasta, akalitia kinywani, na kuwaonyesha jinsi linavyogoma kushoto na kuinuka kulia. Akaketi kwenye kiti cha mwalimu, akainua kidevu kuelekea taa, na kuwaamuru wapange mstari na kioo na tochi. Mmoja baada ya mwingine walichungulia. Waliiona chonge iliyoinama. Waliyaona meno ya chini yaliyopanda. Kwa kinywa wazi, bila kuweza kutamka konsonanti hata moja kwa ukamilifu, Mzee aliwakosoa namna wanavyoshika kioo. Somo la dakika arobaini lilichukua saa mbili.

Barua ya pili ilifika baada ya wiki. Mkewe ndiye aliyeifungua. Chuo kilimpa kazi kwa furaha. Kiliongeza ombi moja dogo: kwa kuwa chuo hakijawahi kupata kinywa hai cha kufundishia, mwalimu aombwe asilizibe pengo lake kwa daraja la kudumu kabla ya mwisho wa muhula, ili wanafunzi wote walifanyie zoezi la mwisho.

"Baba," mkewe aliuliza, "wamekuajiri wewe au pengo?"

"Tumeajiriwa pamoja," alisema Mzee bila kutabasamu.

Kwa hiyo muhula mzima Mzee Milimita alisimama mbele ya wanafunzi aliowafundisha kauri, amevaa plastiki. Daktari ndiye aliyemtengenezea, tena kwa masharti, na alipolibandika hakusema neno lolote, ila alipiga mluzi.

Zoezi la mwisho Mzee aliliendesha kwa sheria zake. Kipimo kimoja kipya, nakala moja ya plasta, watu kumi na mmoja. Kila mmoja aikope kwa zamu, ili mizani iwe sawa kwa wote. Mama Cherehani alinyoosha mkono. Aliomba, kama haidhuru, ajichukulie kipimo chake mwenyewe.

"Nakala ya darasa ina kasoro gani?"

"Haina, mwalimu. Ila mimi sijawahi kushona kwa kipimo cha mwenzangu."

Mzee alikubali kwa uso wa mtu aliyepewa dawa chungu, akakaa kinywa wazi dakika nne akipumua kwa pua.

Siku ya mtihani daktari alialikwa ajaribishe madaraja yote. La kwanza lilibana, likakwama nusu njia. La pili likabana. La tatu, la nne, mpaka la kumi: yote yakakwama palepale. Daktari akaomba nakala ya darasa, akaishika kwenye mwanga. Vidole vya watu kumi, wiki kumi na mbili, kulivika na kulivua daraja kila siku. Kingo za nguzo za plasta zilikuwa zimesagika. Kwa macho hazikuonekana. Kwa kipimo zilipungua robo ya milimita.

La kumi na moja lilikuwa la Mama Cherehani. Liliingia kinywani bila kusukumwa. Daktari alimpa Mzee karatasi ya bluu aing'ate, ile inayoacha alama pale meno yanapokutana. Akaing'ata kushoto, akaing'ata kulia, akasaga. Alama zote zilikuwa mahali pake. Mzee akaomba kioo, akajitazama kwa muda mrefu sana, akitafuta. Rangi ilikuwa nzito kwa nusu ngazi ya kibao cha kulinganishia rangi. Upande wa ulimi ungeweza kung'arishwa zaidi. Kisha, kwa kuwa haki ni haki, akalitoa, akalivika kwenye nakala ya darasa kama alivyoyavika mengine, na kuligonga kwa ukucha.

Likacheza.

Mzee aliandika alama, akamgeuzia karatasi.

"Sitini na nane?" alisema Mama Cherehani. "Mwalimu, si limekaa?"

"Mdomoni limekaa," alisema Mzee Milimita. "Kwenye plasta linacheza."

Daktari alilazimika kutoka nje kidogo. Aliporudi alikoroga saruji ya meno, akalibandika daraja moja kwa moja, kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kulipima tena.

Jioni ile mkewe alimkuta sebuleni, amesimama kando ya meza iliyowekewa daftari chini ya mguu, akisema peke yake, polepole, kwa sauti ya mtu anayeonja chakula: "Saa sita. Saa sita na nusu. Sajini."

"Nani kakutengenezea?"

"Fundi wa nguo."

"Na alama umempa ngapi?"

Akamwambia. Mkewe alivuta kiti, akaketi, akamtazama kinywani kama alivyotazamwa yeye na mtu huyo kwa miaka yote ya ndoa.

"Cheka," alisema, "nizione hizo alama thelathini na mbili zilizopungua."

Mzee akacheka. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuinuka kwenda kuficha kinywa. Ulifika nusu ya njia, ukabaki pale hewani, usijue kazi yake.